Karafuu ni msumari: Etymonline mikononi mwa mtembeza wageni

Mama mmoja wa Kitaliano alinibana Julai iliyopita, chini ya mkarafuu, kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani. Nilikuwa nimeshamaliza maelezo yangu ya kila siku: mti huu asili yake ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia, ulifika kwetu karne ya 19, karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba, si hapa Unguja, kinachochumwa ni kitumba cha ua kabla hakijafunguka. Akauliza swali dogo tu. Kwa nini Waingereza wanaiita karafuu "clove", na punje ya kitunguu thomu nayo wanaiita "clove"? Vina undugu gani?

Mtembeza wageni hakosi jibu. Ndivyo nilivyojifunza tangu nikiwa papasi, mtembeza wageni wa mitaani, pale Forodhani, kabla sijapata kitambulisho cha kazi. Nikamwambia vyote viwili vinanukia kwa nguvu, ndiyo maana wakavipa jina moja. Mama akatabasamu, tabasamu la mwalimu anayesahihisha daftari la mtoto asiyejua kudanganya. Mumewe akatoa kidaftari akaandika. Hapo ndipo roho iliponiuma. Uongo wa mdomo huruka na upepo, lakini ule ulikuwa unapanda ndege.

Usiku kijana wa jirani yetu, anayesoma chuo, akanifungulia etymonline.com kwenye simu. Naitumia tangu siku hiyo. Wenzangu wa mashambani wameanza kuniuliza haya maneno nayatoa wapi, basi haya hapa, pamoja na sifa zake na mipaka yake.

Ni kamusi ya mtandaoni ya asili ya maneno ya Kiingereza. Haishughuliki sana na neno lina maana gani leo. Inakwambia lilizaliwa wapi, lilipita mikononi mwa nani, likabadilika vipi njiani, na lilionekana lini kwenye maandishi. Aliyeijenga ni Mmarekani wa Pennsylvania, Douglas Harper, mtu wa magazeti na historia. Kusoma ni bure. Katika utangulizi wake anaieleza kazi hiyo kuwa ni ramani ya nyayo za magurudumu ya Kiingereza, na mtu aliyepita barabara zetu za mashamba wakati wa masika hahitaji kufasiriwa hilo. Gurudumu limeshapita na gari limeshatoweka, lakini mfereji uko pale pale.

Sasa turudi kwa yule mama. Kumbe hizo "clove" mbili hazijuani kabisa. Ile ya kitunguu thomu ni ya Kiingereza cha kale, ina undugu na neno lao la kupasua, maana kitunguu kimepasuka vipande. Ile ya karafuu imetoka Ufaransa, "clou", nalo limetoka Kilatini, "clavus". Maana yake ni msumari.

Nilikaa nalo hilo barazani kwa muda. Miaka kumi na mbili nashika karafuu mkononi, nawapa wageni wanuse, sijawahi kuiona. Asubuhi nikachukua karafuu moja kavu na msumari wa inchi tatu kutoka kwenye kopo la fundi, nikaviweka sambamba kwenye kiganja. Mguu mwembamba ulionyooka, kichwa kilichotanuka juu, meno manne yameshika kidonge katikati. Msumari mtupu! Tangu siku hiyo natembea na ule msumari mfukoni. Nikifika kwenye mkarafuu nautoa bila kusema kitu, naweka karafuu kando yake, nasubiri. Wafaransa ndio huwa wa kwanza kucheka, kwa sababu wao mpaka leo wanasema "clou de girofle" kila siku jikoni bila kugundua. Wajerumani nao wana "Nelke", msumari mdogo. Wahispania "clavo". Waajemi "mikhak", msumari mdogo vilevile. Dunia nzima imetazama karafuu ikaona kazi ya seremala, isipokuwa sisi tunaoichuma.

Na yule mama wa Kitaliano? Kwao karafuu ni "chiodo di garofano", msumari wa garofano. Alikuwa na nusu ya jibu mdomoni mwake wakati ananiuliza. Mpaka leo sijui kama alikuwa anataka kujua au alikuwa ananipima.

Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niipende kamusi hii. Hilo "girofle" la Kifaransa na "garofano" la Kitaliano ukiyafuata unarudi Kilatini, kisha Kiyunani: "karyophyllon". Lisome polepole kwa sauti, halafu useme karafuu. Sisi tumelipata kwa Waarabu, "qaranful", na wataalamu wanayaweka majina haya katika ukoo mmoja, ingawa wanabishana nani alimpa nani, na wengine wanaona wote walichukua India. Kwa hiyo Mfaransa anapotamka jina lake refu, mwanzo wake ni msumari na mwisho wake ni karafuu yetu sisi. Mwingereza yeye alikata jina katikati, akabaki na msumari, karafuu akaitupilia mbali.

Namna ya kuitumia si ngumu, lakini ina mitego, na mimi nimeingia yote. Wa kwanza ni nyota. Utaona maneno mengine yametanguliwa na kialama cha nyota, hasa ukifika chini kabisa ya maelezo, penye lugha mama ya Ulaya na India. Mimi, kwa akili ya mtu anayeshinda mahotelini, nikadhani nyota ni daraja. Nikamwambia mgeni mmoja wa Kijerumani kwa majivuno kwamba neno fulani limepewa nyota, yaani ni la kuaminika. Akanieleza kwa upole kuwa ni kinyume chake: nyota maana yake neno hilo halijapatikana katika maandishi yoyote; wataalamu wamelikadiria kwa kulinganisha watoto wake, kama unavyoweza kukisia sura ya babu kwa kuwatazama wajukuu saba. Nikamshukuru. Bakshishi yake ilikuwa nzuri, kwa hiyo nadhani alinisamehe.

Mtego wa pili ni miaka. Kamusi inaandika kwamba neno limeonekana takriban 1300, mathalan, au katika karne ya 15. Nikaanza kuwaambia wageni kuwa kabla ya 1300 Waingereza hawakuijua kungumanga. Si hivyo. Huo ni mwaka wa maandishi ya zamani zaidi yaliyonusurika. Ni kama vyeti vya kuzaliwa vya bibi zetu: tarehe iliyoandikwa ni ile ambayo karani aliona inafaa siku ya kuandikishwa, na bibi mwenyewe alikuwa ameshaanza kutambaa.

Nimeitaja kungumanga, na hapa ndipo penye kisa.

Kungumanga ni kituo ninachokipenda kuliko vyote shambani. Tunda lake lina rangi ya manjano hafifu, mfano wa pera bivu, na likiiva linapasuka lenyewe. Ndani unakuta kokwa jeusi linalong'aa limevaa wavu mwekundu sana, kama mtu amelifuma kwa uzi wa hariri. Wavu huo ndio basibasi. Ukilivunja kokwa ndio unaipata kungumanga yenyewe. Wageni hupiga kelele kila mara, na simu zote hutoka.

Kwa Kiingereza ni "nutmeg". "Nut" ni kokwa, hilo mtoto wa skuli analijua. "Meg" ndiyo nini? Nikaingia kwenye kamusi. Ikanipeleka Kifaransa cha kale: kokwa lenye harufu ya miski. Vizuri, nikasema, miski naijua. Nikabonyeza neno lao la miski, "musk". Kilatini "muscus". Nikaendelea: Kiyunani "moskhos". Kiajemi "mushk". Kisanskriti "mushka". Na mushka, waungwana, ni korodani.

Maelezo yapo wazi. Miski ya asili hutoka kwenye kifuko cha mnyama wa jamii ya paa huko Asia, dume, na kifuko hicho kipo chini ya tumbo; watu walikitazama wakakiita kwa kile walichoona kinafanana nacho. Ukibonyeza tena, neno hilo la Kisanskriti lenyewe linatokana na "mus", panya, yaani kipanya, tena kwa sababu ya umbo. Na panya huyo ndiye huyo huyo "mouse" wa Kiingereza. Nilipofika kwa panya nikaizima simu.

Miski ya Waswahili imetoka Kiarabu, "misk", na Waarabu waliitoa huko huko kwa Waajemi. Ni neno moja. Sasa fikiria nafasi ya miski katika nyumba ya Kizanzibari. Maharusi, maiti, Ijumaa, Idi. Imo ndani ya Kurani, katika sura ya Mutaffifin, kinywaji cha watu wa peponi mwisho wake ni miski. Shangazi yangu, mtu wa miaka sabini na zaidi, hatoki nje kabla hajajipaka nyuma ya masikio. Nami kwa ujinga wangu nikaona hii ni elimu ya kumpelekea.

"Shangazi," nikamwambia, "unajua hiyo miski asili yake ni neno gani huko Bara Hindi?"

"Neno gani, mwanangu?"

Nikamwambia. Nilitumia neno la heshima, la hospitali. Halikusaidia.

Mkono wake ulikuwa umefika kwenye sikio la kushoto, ukasimama pale pale. Akanitazama. "Astaghfirullahi. Umri wote huu najipaka hayo?" Nikaanza kumweleza kuwa hapana, shangazi, ni jina tu, ni umbo, watu wa zamani... Akasema, "Toka." Nikatoka. Nikiwa uani nikamsikia akicheka peke yake.

Kwa kazi yangu, kisa hiki kina thamani kuliko kofia zote za makuti tunazowavisha wageni. Ninakisimulia kwa kupima watu: kundi la wazee wa kanisani naishia kwenye miski, kundi la vijana naenda mpaka kwa panya. Vanila nayo ni ya kupimiwa. Ni neno la Kihispania, "vainilla", kiganda kidogo, nalo limetoka kwenye neno la Kilatini la ala ya upanga. Madaktari walilichukua neno hilo hilo la ala wakalipeleka kwenye mwili wa mwanamke. Huwa nawaachia wageni waendelee wenyewe; daima yuko mmoja anayelipata, akageuka mwekundu kama mzingifuri.

Mdalasini ulinifundisha jambo jingine. "Cinnamon" ya Kiingereza imepitia Kifaransa na Kilatini hadi Kiyunani, "kinnamomon", na Wayunani waliipata kwa Wafinisia. Kiebrania kina "qinnamon" hiyo hiyo. Herodoto, mwanahistoria wao, aliandika kwamba vijiti vya mdalasini huletwa na ndege wakubwa wanaojengea viota majabalini, na watu huwawekea vipande vya nyama vizito ili viota vianguke. Wafanyabiashara walikuwa wanalinda siri ya soko, naye akalishwa hadithi. Nilipoisoma hiyo nikajisikia nina ukoo: basi upapasi ni kazi ya kale! Lakini mdalasini wetu haumo katika njia hiyo. Wetu ni Kiajemi, "dar chini", mti wa Uchina, ukapita kwa Waarabu ukawa "darsini", na Mswahili akauvalisha "m" ya mti. Hapa kamusi ya Kiingereza haina la kusema, na haina sababu ya kusema.

Huo ndio mpaka mkubwa, na ni wa haki. Etymonline inasimulia safari ya upande mmoja. Neno likitoka India likafika Uajemi, likaingia kwa Waarabu, njia pale inagawanyika: jahazi moja linakwenda Bahari ya Kati na Ulaya, jingine linateremka na kaskazi mpaka kwetu. Kamusi inapanda jahazi la kwanza. Ukitaka la pili lazima ufungue kamusi ya Kiswahili inayoonyesha maneno ya mkopo, na uwe na masikio. Mimi sasa nafanya hivyo kila usiku, kurasa mbili za simu upande huu, kamusi ya karatasi upande huu, na daftari katikati. Limeshaloa madoa ya mafuta ya karafuu mpaka kurasa zinanukia.

Sukari ndiyo ya kwanza niliyoiandika humo. "Sugar" imetoka Kifaransa, kutoka Kilatini cha zama za kati, kutoka Kiarabu "sukkar", kutoka Kiajemi "shakar", kutoka Kisanskriti "sharkara". Na sharkara maana yake ni changarawe. Tunapokamua miwa pale shambani nawaambia wageni: mnakunywa maji ya changarawe. Sukari yetu ni mtoto wa "sukkar" huyo huyo. Kuna na ndugu wa tatu aliyepotea: sukari guru, ambayo Waingereza wanaiita "jaggery". Hilo ni sharkara tena, ila Wareno walilichukua pwani ya India kusini bila kupitia kwa Mwarabu, ndiyo maana halifanani na wenzake.

Nje ya viungo mambo ni matamu vilevile. Kuna hoteli za pwani zinazobandika bei za vyumba ukutani chini ya neno "tariff". Nimelipita neno hilo mara elfu. Asili yake ni Kiarabu, "ta'rif", kujulisha, ambalo Wataliano walilifanya orodha ya ushuru na bei. Sisi tukalifanya taarifa. Ile karatasi ya bei na taarifa ya habari ya saa mbili usiku ni ndugu. "Magazine" nayo ni "makhazin", maghala, kwa kupitia Italia na Ufaransa. Mwaka 1731 mchapishaji mmoja wa London aliliita jarida lake hivyo, ghala la maandishi, na jina likashika. Shina lake ni kuhifadhi, na kwenye shina hilo ndipo ilipo hazina yetu. Kwa askari magazini ni ghala la risasi, hajapotea hata kidogo.

Lakini sifa ninayoitilia mkazo kuliko zote ni kwamba kamusi hii haioni aibu kusema haijulikani, au huenda, au wengine wanasema hivi. Tazama tangawizi, "ginger". Inakupeleka Kilatini, Kiyunani, mpaka Kisanskriti "shringavera", mwili wenye pembe, kwa sababu ya umbo la tangawizi. Inafaa mno; ukilishika tangawizi bichi unaziona pembe. Halafu inakutahadharisha: huenda hii ni hadithi iliyobuniwa na Wahindi wa kaskazini wenyewe kulielezea neno walilolichukua kwa watu wa kusini, ambao kwao "inji" ni tangawizi mpaka leo. Jibu tamu na jibu lenye mashaka, yote mawili mezani. Kwa mtu wa kazi yangu hilo ni darasa. Sisi tumezoea jibu tamu peke yake.

Na wageni nao wana yao, tusijionee. Muingereza mmoja aliniambia kwenye ngalawa kwamba "posh", yaani -a kifahari, ni herufi za mwanzo za maneno yaliyopigwa mhuri kwenye tiketi za meli za matajiri waliokwenda India, chumba cha kivulini kwenda na kurudi. Mwingine kwamba "news" ni herufi za pande nne za dunia. Nikaangalia. La kwanza halina ushahidi wowote, wala hakuna tiketi ya namna hiyo iliyowahi kuonekana. La pili ni upuuzi. "News" ni mambo mapya, wingi wa "new", kwa kuiga Kifaransa. Basi nami nikajitazama. Miaka mingapi nimekuwa nikisema Zanzibar imetokana na "zanjabil", tangawizi ya Kiarabu? Inapendeza, tena unaisema ukiwa umeshika tangawizi mkononi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni "zang" na "bar" ya Kiajemi, pwani ya watu weusi. Nimeiacha ile ya tangawizi. Mwenzangu mmoja anaendelea nayo na bakshishi zake ni nzuri kuliko zangu.

Kwa upande wa matumizi: nimeisoma kwa simu ya kawaida, na maandishi ndiyo karibu yote yaliyomo, hakuna mapambo. Maelezo yamebanwa sana. Vifupisho ni vingi, na mtu wa Kiingereza cha kuombea maji atachoka haraka. Mimi ilinichukua wiki mbili kuzoea kuwa herufi tatu za PIE ni ile lugha mama isiyoandikwa, na si jina la mkate. Usisome kwa kukimbia. Neno moja kwa usiku linatosha, na ubonyeze kila neno la njiani, kwa sababu utamu haupo kwenye ukurasa wa kwanza. Mimi nisingebonyeza "musk" ningebaki na kokwa linalonukia basi. Kule shambani mtandao unakuja na kuondoka kama umeme wa zamani, ndiyo maana nina daftari. Kamusi kubwa ya Oxford, ile iliyoanza kutoka kwa vipande 1884 na kukamilika 1928, ndiyo bahari, na Harper mwenyewe ameitaja miongoni mwa vyanzo vyake. Lakini hiyo kuisoma yote ni kwa kulipia, na mimi nalipia petroli kwanza.

Mwalimu wa Kiingereza ataipenda. Mfasiri pia, ingawa asiitegemee kwa maana ya leo ya neno. Kujua kuwa karafuu ilikuwa msumari hakukusaidii kutafsiri mkataba. Mtembeza wageni asiyeitumia anaacha pesa mezani. Naipa nyota nne kati ya tano, na hizi ni nyota za hoteli, si zile za kukadiria. Ya tano ningeitoa kama kungekuwa na mtu wa kutufanyia Kiswahili kwa mtindo ule ule, kwa bure, kwenye simu. Hilo si kosa la mtu wa Pennsylvania.

Shangazi alininunia siku nne. Ya tano, Alhamisi jioni, akaniita. Alikuwa amekaa na chetezo, makaa yameshaiva, kijiti cha udi mkononi, hajakitia.

"Na huu?" akaniuliza. "Nao umeutazama?"

Nilikuwa nimeutazama. Waingereza wana ala ya muziki, "lute". Jina lake limetoka Kiarabu, "al-ud", ndilo udi wetu wa taarabu, na udi wa kufukiza ni neno hilo hilo.

"Udi ni mti tu, shangazi. Kijiti."

"Mti wa nini?"

"Mti, basi. Ubao."

Akanikazia macho akihakikisha simfichi kitu. "Hakuna mnyama?"

"Hakuna mnyama."

"Afadhali," akasema, akautia kwenye makaa.